Kompresa Nyepesi Iendeshwayo kwa Hewa

Kompresa iendeshwayo kwa hewa, ambayo mafundi wa karakana huiita kwa mkato busta, ni chombo kipokeacho hewa iliyokwisha kushindiliwa na kompresa kubwa, kikaifanya sehemu ya hewa hiyo kuwa nguvu ya kusukumia, na sehemu iliyosalia kikaishindilia mara ya pili, hata shinikizo lake likapanda mara mbili, mara nne au zaidi, kwa kadiri ya umbo la chombo chenyewe. Hakina mota wala injini, wala hakihitaji waya wa umeme; na kwa kuwa kimeondolewa mizigo hiyo, aghalabu huwa chepesi kiasi cha kuchukuliwa kwa mkono na kufungwa kando ya mashine ile ile ihitajiyo shinikizo la ziada. Faida yake ni kubwa kwa anayejua mahali pake, na hasara yake ni kubwa vile vile kwa anayekinunua akidhani kwamba kinazalisha nguvu. Kwani kazi ya busta ni kubadilisha wingi wa hewa kwa ukali wa shinikizo, na kila achaguaye sharti ajue kwanza bei ya badilishano hilo.

Shinikizo katika makala haya limehesabiwa kwa bar, kipimo kilicho karibu sawa na kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba, au pauni 14.5 juu ya kila inchi ya mraba. Isipotajwa vingine, hesabu ni ile isomwayo kwenye geji, yaani ile izidiyo shinikizo la hewa ituzungukayo, ambalo nalo ni karibu bar 1. Hewa ya bar 6 kwenye geji ni bar 7 kamili, na tafauti hiyo haifai kusahauliwa pale inapohesabiwa hewa iliyotumika.

ASILI YAKE

Usuli wa chombo hiki umo katika elimu ya pampu na katika elimu ya mizani ya shinikizo. Kwa upande wa pampu, al-Jazari, mhandisi aliyewatumikia watawala wa Kiartuki katika mji wa Diyarbakir, alikamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo, na humo akaeleza pampu ya maji yenye silinda mbili zielekeanazo, pistoni zake zikienda kwa zamu, moja ikivuta ilhali nyingine inasukuma. Na mpango huo wa silinda kuelekeana ndio uonekanao hata leo ndani ya busta nyingi. Kwa upande wa mizani, Robert Boyle alitangaza mwaka 1662 kwamba hewa ikipunguzwa ujazo wake hadi nusu, pasi na joto lake kubadilika, shinikizo lake huwa maradufu; na Blaise Pascal, ambaye risala yake ilipigwa chapa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, alibainisha kwamba shinikizo litiwalo katika kimiminiko kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote, hata nguvu ndogo juu ya pistoni nyembamba ikaweza kuinua mzigo mzito juu ya pistoni pana. Kanuni hiyo ndiyo aliyoitumia Joseph Bramah alipopata hataza ya mashine yake ya kubana kwa nguvu ya maji, huko Uingereza, mwaka 1795. Busta imekwenda kinyume cha njia ya Bramah: nguvu huanza juu ya pistoni pana na kuishia juu ya pistoni nyembamba, nalo shinikizo, badala ya kubaki lile lile, hukua.

Hewa iliyoshindiliwa ilipata heshima ya kuwa mchukuzi wa nguvu kwenda mbali wakati wa kuchimbwa njia ya reli ipitayo chini ya milima ya Alps, baina ya Ufaransa na Italia, ambako Germain Sommeiller alianza mwaka 1861 kutumia keekee zilizoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu ya maji ya milimani. Njia hiyo, yenye urefu uzidio kilomita 12, ilifunguliwa mwaka 1871, na tangu hapo mabomba ya hewa yakawa ni mishipa ya viwanda na migodi. Maadamu mabomba yamekwisha kuwapo, na kila moja limebeba hewa ya shinikizo moja tu, haja ya chombo cha kulipandisha shinikizo hilo mahali pamoja bila ya kuligusa bomba zima ilikuwa ni haja ya lazima.

NAMNA IFANYAVYO KAZI

Ndani ya busta iliyo sahili kabisa mna pistoni mbili zilizofungwa juu ya fito moja. Tuseme pistoni pana ina kipenyo cha sentimita 10, na nyembamba ina kipenyo cha sentimita 5. Eneo la ile pana ni sentimita za mraba 78.5, na la ile nyembamba ni 19.6, yaani robo yake. Hewa ya bar 6 ikiingia nyuma ya pistoni pana huisukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 480. Na nguvu hiyo yote, ikipita katika fito, huja kukaa juu ya eneo lililo dogo mara nne, kwa hiyo hewa iliyo mbele ya pistoni nyembamba huweza kubanwa hata ikafika bar 24 kabla ya mwendo kusimama.

Pistoni ikifika mwisho wa safari yake hugusa vali ndogo ya kugeuza, nayo vali hiyo huifungulia hewa iliyokwisha kufanya kazi itoke nje, na papo hapo huipeleka hewa mpya upande wa pili, pistoni ikarudi. Katika busta zenye silinda mbili za kushindilia, upande mmoja huvuta hewa ilhali wa pili unaitoa, mfano wa mivukuto miwili ya mhunzi ambayo mmoja hujaa wakati mwingine unapuliza, moto usipate kukosa upepo. Katika mpango huo hewa iingiayo ili ishindiliwe nayo husaidia kusukuma, na kwa hiyo shinikizo la mwisho hupatikana kwa kuzidisha shinikizo la kusukumia kwa uwiano wa maeneo ya pistoni, kisha kuongeza shinikizo la hewa iliyoingia. Pistoni zikiwa za upana mmoja, uwiano ni moja kwa moja, na bar 6 huwa 12. Uwiano ukiwa tatu kwa moja, bar 6 huwa 24.

Nguvu za pande mbili zikilingana, pistoni husimama, na maadamu hakuna hewa inayotumika upande wa mbele, hukaa pale pale ikilishikilia shinikizo bila ya kula hewa zaidi ya ile ivujayo katika pete na vali zake. Hewa ikitumika, mizani huvunjika na pistoni hurudia safari zake yenyewe. Sifa hii ya kushikilia bila gharama ndiyo iliyoifanya busta kupendwa katika kazi za kubana, kupima uimara wa vyombo na kusubiri, ambamo shinikizo huhitajika muda mrefu ilhali hewa itumikayo ni chache.

BEI YA BADILISHANO

Hesabu ya malipo ni nyepesi. Busta izidishayo mara mbili hupokea sehemu mbili za hewa; moja huisukuma pistoni kisha ikatupwa nje, na ya pili ndiyo itokayo ikiwa na shinikizo maradufu. Izidishayo mara nne hupokea sehemu nne ili kutoa moja. Hivi ndivyo ilivyo katika chombo kisicho na kasoro hata chembe. Na kwa kuwa katika dunia hii pete huvuja na vali huchelewa, malipo ya kweli huzidi kidogo hapo. Ajuaye hesabu hii hatanunua busta ili kulisha mashine ilayo hewa nyingi mfululizo, kwa sababu kompresa kubwa ya kiwanda ingelazimika kushindilia hewa maradufu, na nusu ya jasho lake ikaishia katika tundu la kutolea.

AINA ZAKE

Aina ya kwanza ni busta za viwandani zizidishazo mara mbili hadi nne, zitumiazo hewa ya bomba moja kwa kazi zote mbili za kusukuma na kushindiliwa. Hizi hutengenezwa na makampuni kama SMC ya Japani na Festo ya Ujerumani. Katika aina hii zimo zilizo nyepesi, ndogo kabisa zikiwa na uzito wa kilo moja hivi, na zile za wastani zikikaribia kilo 10.

Aina ya pili ni busta za gesi, ambamo upande wa kusukuma umetengwa kabisa na upande wa kushindilia, na uwiano wa pistoni hufika 30, 60 na kupita, ili kupata mamia ya bar; Haskel ya Marekani na Maximator ya Ujerumani ni miongoni mwa watengenezaji wake wajulikanao. Hapa hesabu ya badilishano hudhihirika kwa ukali wake. Busta ya uwiano wa 30 isukumwayo kwa bar 6, ikilishwa hewa ya bar 6 hiyo hiyo, hutupa sehemu 30 za hewa kwa kila sehemu moja iishindiliayo. Lakini ikilishwa kutoka mtungi ambao tayari una bar 100, kila safari ya pistoni huchukua hewa nyingi mara 14 na zaidi, na malipo hushuka hadi sehemu mbili hivi kwa moja. Ndiyo maana mahali pajazwapo mitungi ya wazamiaji, busta hutumiwa kuhamisha na kukamilisha gesi itokayo katika mitungi mikubwa ya akiba, ilhali kazi ya kuichukua hewa ya kawaida na kuifikisha bar 200 huachiwa kompresa ya hatua nyingi yenye mota au injini yake.

Kipo pia chombo cha tatu ambacho wauzaji hukitaja kwa jina la kufanana na haya, ambacho hakina pistoni wala kitu kinachosogea, bali hupitisha hewa kwa kasi katika mwanya mwembamba ili ivute hewa nyingi ya nje iandamane nayo. Hicho huongeza wingi na hupunguza shinikizo, na mnunuzi asikichukue kwa kukosea.

KUCHAGUA

Jambo la kwanza ni kuuliza kwa nini shinikizo halitoshi. Mara nyingi hewa hutoka kwenye kompresa ikiwa timamu, ikafika kwenye mashine imedhoofika kwa sababu bomba ni jembamba, au chujio limeziba, au kiungo kinavuja. Tundu la milimita 3 tu katika bomba la bar 6 hupoteza karibu lita 10 za hewa ya kawaida kila sekunde. Kufunga busta mwisho wa bomba kama hilo ni kuzidisha ugonjwa, kwa kuwa busta, kwa kuvuta hewa maradufu, itaushusha zaidi mkondo uliokwisha kupungua.

Jambo la pili ni kutazama kama haja yaweza kutimizwa kwa njia nyingine. Chukua kibanio cha karakana, chenye silinda ya kipenyo cha milimita 80 na mwendo wa milimita 100, ambacho kwa hewa ya bar 6 hubana kwa nguvu ya kilo 308, ilhali kazi yataka kilo 450. Njia tatu zipo. Ya kwanza ni kupandisha bomba zima la kiwanda hadi bar 9. Lakini kila bar iongezwayo katika shinikizo la kadiri hii huongeza gharama ya nguvu kwa takriban asilimia 7, na kila tundu livujalo huvuja zaidi kwa asilimia 43, ili kuiridhisha mashine moja tu. Ya pili ni kubadilisha silinda ikawa ya milimita 100, ambayo kwa bar 6 zile zile hutoa kilo 480 na hula lita 5.5 za hewa ya kawaida kila ifungapo. Ya tatu ni busta ya mara mbili iliyowekwa kwenye bar 9, ambayo hutoa kilo 460 kutoka silinda ya zamani. Silinda hiyo hula lita 5 kila ifungapo, lakini bomba hutoa lita 10 na zaidi. Kwa hiyo penye nafasi ya silinda pana, silinda pana ni bora. Na busta hustahiki pale ambapo mashine imekwisha jengwa na haina nafasi, au ambapo shinikizo kubwa huhitajika mara chache kwa siku, au ambapo kifaa chenyewe, mathalan tairi la lori litakalo bar 8 katika karakana yenye bar 6, hakikubali badala.

Jambo la tatu ni uwiano. Shinikizo ambalo pistoni husimama nalo ni kikomo, na kadiri kikomo hicho kinavyokaribiwa ndivyo mwendo unavyozidi kuwa wa taratibu, mpaka hewa itokayo ikawa kidogo mno. Busara ni kuchagua chombo ambacho shinikizo la kazi halitapita robo tatu, au kwa wingi sehemu nne kwa tano, ya kikomo chake, likihesabiwa kwa shinikizo la chini kabisa ambalo bomba hushukia wakati mashine zote zinafanya kazi. Kibanio chetu kimo ndani ya mpaka huo, kwa kuwa bar 9 ni robo tatu ya 12. Wala uwiano usizidishwe kwa tamaa, kwani atakaye bar 9 akanunua busta ya mara nne atalipa sehemu nne za hewa mahali ambapo mbili zingetosha.

Jambo la nne ni wingi wa hewa. Kibanio kikifunga mara 6 kwa dakika, kila mara kikila lita 5 za hewa ya kawaida, haja ni lita 30 kwa dakika, na bomba sharti liweze kutoa 60, na kwa hadhari 70. Jedwali za watengenezaji huonyesha hewa itokayo kwa kila shinikizo, nazo zisomwe kwenye shinikizo la kazi. Kile kiasi kikubwa kilichoandikwa juu ya jedwali ni cha chombo kisichokabiliwa na upinzani, nacho hakimfai mtu.

Jambo la tano ni tangi baada ya busta, ambalo hutuliza mapigo ya pistoni na kuweka akiba. Kila kibanio kifungapo, tangi la lita 10 hupungua nusu bar, na tangi la lita 20 hupungua robo bar. Ikiwa kazi hutaka hewa nyingi kwa ghafula kisha hupumzika, tangi kubwa pamoja na busta ndogo huwa na manufaa kuliko busta kubwa isiyo na tangi.

UZITO

Wepesi hupatikana kwa njia mbili ambazo hazilingani kwa thamani. Njia ya kwanza ni ya madini: kiwiliwili cha alumini, ambayo sentimita moja ya ujazo wake ina gramu 2.7 ilhali ya chuma cha pua au cha kawaida ina karibu 7.9, hupunguza uzito bila kupunguza kazi, madhali unene wake umehesabiwa kwa shinikizo lililokusudiwa. Njia ya pili ni ya kupunguza ujazo wa silinda, nayo hulipwa kwa mwendo. Ili kutoa zile lita 30 kwa dakika kutoka hewa ya bar 6, silinda isukumayo sentimita 200 za ujazo kwa safari itakwenda mara 21 au 22 kwa dakika, na ile ya sentimita 50 itakwenda mara 86. Na umri wa pete za mpira huhesabiwa kwa safari. Basi kwa chombo kichukuliwacho na fundi huku na huku, chenye kazi ya dakika chache, uzito mdogo ni fadhila. Na kwa kile kifungwacho ukutani kikatenda kazi mchana kutwa, kilo mbili tatu za ziada ni rasilimali.

MAJI NA JOTO

Katika miji ya pwani, kama Tanga, Mombasa na Unguja, hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 80 huchukua gramu 24 za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa hiyo ikishindiliwa hadi bar 6 kisha ikapoa, haiwezi kushika zaidi ya gramu 4 na kidogo, na zilizobaki, karibu gramu 20, huwa maji matupu. Ikipandishwa na busta hadi bar 12 na kupoa tena, gramu 2 nyingine hudondoka, safari hii ndani ya tangi la mwisho. Kwa hiyo chujio na mtego wa maji viwekwe kabla ya busta, na tangi liwe na bilula chini yake, ifunguliwe kila siku.

Kushindilia huzaa joto: kutoka bar 6 hadi 12, hewa ya nyuzi 30 yaweza kupanda karibu na 88 ikiwa haikupata pa kupoa. Kinyume chake, hewa iliyosukuma pistoni hupoa sana itokapo nje, na ikiwa na unyevu hugandisha barafu katika tundu la kutolea hata mwendo ukazuilika. Watengenezaji wengine wamezipatanisha kasoro hizi mbili, wakaipitisha ile hewa baridi kuizunguka silinda yenye moto kabla ya kuiachia.

HADHARI NA MATUNZO

Kwa kuwa haina umeme, busta hufaa penye mvuke wa rangi, gesi au vumbi liwakalo. Lakini hata hapo ichaguliwe ile ambayo mtengenezaji ameithibitisha kwa mahali pa namna hiyo, kwani msuguano na umemetuli navyo huzaa cheche. Busta ya hewa ya kawaida isitiwe oksijeni kabisa, kwa sababu mafuta kidogo yakikutana na oksijeni iliyoshindiliwa huwaka. Na hewa ya kuvutwa na mzamiaji au mgonjwa ipitie katika chombo kilichotengenezwa na kusafishwa kwa kazi hiyo.

Tangi, mipira na viungo vyote vilivyo mbele ya busta vipimwe kwa shinikizo jipya, wala si kwa lile la bomba la zamani, na kila tangi liwe na vali ya usalama iliyowekwa chini ya kikomo chake. Bomba la plastiki la maji ya nyumbani halifai hata kwa siku moja, kwani hupasuka vipande kwa nguvu iwezayo kuua. Tundu la kutolea livishwe kipunguza-sauti, nacho kisafishwe, maana kikiziba hupunguza mwendo.

Dalili ya pete kuchakaa ni pistoni kuendelea kutembea wakati hakuna hewa itumiwayo. Fundi afunge vali ya mbele, ahesabu safari za dakika moja, na kuilinganisha hesabu hiyo na ile ya chombo kilipokuwa kipya. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, hewa ya kusukumia ifungwe, kisha tangi na mipira vitolewe hewa mpaka geji isome sifuri. Kwani chombo kilichosimama kimya chaweza kuwa bado kimeshikilia shinikizo lake lote, na hiyo ndiyo kazi kilichotengenezewa.